Je, "chini kuliko walio chini" ndiko kuporomoka kwa binadamu anakosimulia Wells?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Chuoni tunasoma The Time Machine, riwaya ya H. G. Wells ya 1895. Msafiri anafika mwaka 802,701 na kukuta binadamu wamekuwa jamii mbili: Eloi, wadogo na laini, kazi yao kucheza na kula matunda, na Morlock wanaoishi chini ya ardhi na kuwala Eloi. Mwenzangu anasema huku ndiko kurejeshwa "chini kuliko walio chini" katika Sura At-Tin. Ni kweli? Na ninapata dhambi kuisoma?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Mwenzako ameibebesha aya mzigo usio wake. Wafasiri wana kauli mbili mashuhuri juu ya aya hiyo ya 5. Moja, iliyopokewa kwa Ibn Abbas, ni uzee unaomrudisha mtu kwenye udhaifu. Ya pili, ya Mujahid na Hasan al-Basri, ni Moto. Zote mbili hazihusu wanadamu kugeuka viumbe wengine. Tena aya ya 6 inawatoa walioamini na kutenda mema; kwa Wells hatolewi mtu, mwema na muovu vizazi vyao vinadhoofika sawasawa.

Wells alisomeshwa baiolojia London na T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin na nadharia yake ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Mwaka 1880 mwanasayansi Ray Lankester alikwisha kuandika kwamba kiumbe anayepata riziki bila taabu huweza kurudi nyuma kimaumbile. Wells akaivika dhana hiyo hadithi. Ghaibu anaijua Allah peke yake (An-Naml, 65), na mtunzi wa riwaya hakudai kuijua.

Kuisoma si dhambi. Kisa ambacho msomaji anajua kimebuniwa hakimdanganyi mtu, na Waislamu wamesoma Kalila na Dimna karne nyingi, wanyama wakizungumza humo. Kwenye mtihani eleza anachosema mwandishi. Kueleza si kuitakidi.

Ila tazama sababu anayoikisia msafiri: Eloi ni kizazi cha matajiri, Morlock ni cha wafanyakazi waliosukumwa chini pamoja na mitambo. (Mama yake Wells alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la Uppark, lenye njia za watumishi chini ya ardhi.) Kama mwenzako anataka aya ya kutafakari, aanze na Al-Hashr, 7, inayokataza mali kuzunguka baina ya matajiri tu. Hata hapo asiseme Qur'ani imeitabiri riwaya.

Kama nadharia ya Darwin inakuletea suala la kuumbwa Adam, liulize peke yake. Riwaya hii haiwezi kulijibu. Wallahu aalam.