Umefunga, umetoa, lakini na wifi yako hamsalimiani

Wiki hii ameniandikia dada mmoja wa Njiro, Arusha. Anafunga, hakosi mkesha, kwaya anaimba, ahadi ya jengo ameshamaliza kulipa. "Dada, mbona moyo wangu hauna amani?" Chini kabisa, kama jambo la kupita tu, akaongeza kwamba yeye na wifi yake hawasalimiani tangu msiba wa mama mkwe.

Mdogo wangu, anzia hapo kwa wifi yako.

Nikusimulie habari za marehemu baba yangu. Sisi ni Walutheri wa Marangu. Baba na baba mdogo waligombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mistari michache tu ya migomba. Wazee wa ukoo walikaa, wakampa baba haki. Kesi ikaisha, uadui ukabaki, kwa sababu siku ya kikao baba alimtolea mdogo wake maneno mazito mbele ya watoto wa huyo mdogo. Kwaresima ilipofika, baba akakata jani la sale palepale mpakani, akalipiga fundo, akavuka. Wachagga wenzangu mnajua uzito wa sale: ukiletewa, umeombwa msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Kaka mkubwa, tena mwenye haki, alisimama uani kwa mdogo wake ameshika jani kwa mikono miwili. "Mpaka ni wangu," alisema, "lakini yale maneno hukustahili kuambiwa." Baba mdogo hakujibu neno. Alilipokea, akaingia ndani, akatoka na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Habari hiyo haikutangazwa kanisani. Na baba alipofariki, mzee mmoja wa kanisa alianza kwa kutuuliza kadi yake ya ahadi, ile ya kuandikia michango ya kanisa, iko wapi. Maiti iko mochwari, sisi tunapekua makabati kutafuta stakabadhi! Nikikumbuka bado naumia, wala sioni haya kusema. Baba yangu alikuwa mnyenyekevu kuliko wengi waliosomwa majina yao siku ya harambee.

Soma Luka 18, mfano wa Yesu wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Farisayo mshika dini na mtoza ushuru. Torati iliagiza siku moja ya kufunga kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yule Farisayo alifunga mara mbili kwa juma, na zaka alitoa katika mapato yote. Hakusema uongo. Shida ni kwamba sala yake yote ilikuwa hesabu zake na dharau kwa mwenzake. Mtoza ushuru alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Sisi Walutheri tulipaswa kulijua hili kuliko wengine: hoja ya kwanza kabisa katika zile 95 za Martin Luther, mwaka 1517, inasema maisha yote ya mwamini yawe toba.

Usinielewe vibaya, sisemi uache kutoa. Yakobo ameshasema imani pasipo matendo imekufa. Ila geuza ukurasa hadi Luka 19 umwone Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru. Moyo wake ulipovunjika, aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Toba yake iliwafikia watu aliowaumiza. Ndipo penye ugumu, kwa maana kumlipa Mungu kwa bahasha ni rahisi kuliko kugonga mlango wa wifi.

Kwa hiyo nenda. Usitume ujumbe wa simu, usimtume mama mchungaji, nenda mwenyewe. Mathayo 5 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, upatane kwanza na ndugu yako. Ukifika usianze na "kama nilikukosea". Taja kosa lenyewe. Akikufokea, nyamaza. Na mfungo wako unaofuata usimwambie mtu yeyote, hata wanakwaya wenzako.

Nanyi wazee wa kanisa mnaonisoma, Desemba inakuja, watu watapanda nyumbani Kilimanjaro na magari yao na bahasha nene zitatangazwa. Pokeeni, kanisa linahitaji mabati. Lakini familia ikija na msiba, wapeni pole kwanza, muwaulize marehemu aliishije na jirani zake. Habari za kadi zisubiri hadi tanga liishe.