Maswali yenu: Zamponya na nusu yake nyingine

Nimeletewa zawadi kutoka La Paz: matete sita yaliyofungwa safu moja. Kila nikijaribu wimbo, hata mwepesi, kuna sauti sizipati. Je, ni mbovu? (Msomaji, Arusha)

Si mbovu. Ulicholetewa ni nusu ya ala ya kupuliza. Waaymara, wenyeji wa nyanda za juu za Bolivia na Peru, huiita siku, lakini ili isichanganywe na siku za kalenda, hapa tutatumia jina lililotokana na Kihispania, zamponya. Ala kamili ina safu mbili. Yenye matete sita ni ira, anayeongoza. Yenye saba ni arka, anayefuata. Katika mpangilio unaouzwa zaidi, ira ina mi, sol, si, re, fa iliyopandishwa nusu sauti, na la (haya ni majina ya sauti za ngazi ya muziki: do, re, mi, fa, sol, la, si). Arka ina re, fa hiyohiyo, la, do, mi, sol na si. Ukitaka kupanda ngazi, arka anapuliza re, ira anaitika mi, arka fa, ira sol, hivyo hivyo hadi juu. Aliyewahi kusikia makondere ya Bunyoro, Uganda, ambako kila pembe ina sauti yake, ataelewa upesi.

Kazi ngumu iko kwenye kupokezana. Mkia wa sauti yako uguse kichwa cha sauti ya mwenzako. Ukikata pumzi mapema, wimbo unatoboka, ukichelewa, unamkanyaga. Na mgawanyo huu una manufaa mwilini: kwenye Altiplano, uwanda wa juu wa milima ya Andes, mita 3,800 hivi juu ya bahari, anayepuliza sauti zote peke yake hupatwa na kizunguzungu haraka. Mwenzako anapopuliza, wewe unavuta hewa.

Naweza kutengeneza hiyo arka mwenyewe? (Huyohuyo)

Unaweza, kwa matete makavu au bomba la plastiki la nusu inchi. Kanuni ya bomba lililozibwa chini: gawanya 8,575 kwa masafa ya sauti (idadi ya mitetemo kwa sekunde), upate kina kwa sentimita. La ya masafa 440 inatoa 19.5, re ya chini, 294, inatoa 29.2, si ya juu, 988, inatoa 8.7. Hicho ni kina cha ndani, kutoka mdomo hadi kizibo, si urefu wa tete kwa nje. Anza na kipimo hicho kamili, kisha punguza kidogo kidogo. Mara nyingi utaishia pungufu kwa nusu sentimita hivi, kwa kuwa hewa hutikisika hadi nje ya mdomo wa tete.

Hata hivyo, sikio lako liifuate ira uliyonayo kuliko hesabu, maana mafundi wa vijijini hawafuati piano. Matete matatu mafupi ya arka (mi, sol, si) ni sauti zilezile za matete matatu marefu ya ira, oktava moja (ngazi nzima ya sauti) juu. Matatu marefu ya arka ni yale mafupi ya ira, oktava moja chini. Linalobaki bila pacha ni tete la katikati, lenye sauti ya do. Hilo pekee ndilo utakalolikisia.

Kata tete chini kidogo ya pingili, ili pingili yenyewe iwe kizibo. Likitoa upepo mtupu, lijaze maji uone linapovujia, uzibe kwa nta ya nyuki. Likiwa refu mno, tumbukiza punje za mahindi na sauti itapanda. Likiwa fupi, limekwisha, kata jingine. Tete bichi usilishike kabisa, litapasuka likikauka.

Inasemekana muziki huu unaponya. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Waganga wa Kallawaya, kaskazini mwa La Paz, hutibu kwa mimea. UNESCO, iliyoorodhesha utamaduni wao mwaka 2008, inataja aina 980 hivi. Katika matambiko yao vikundi vya k'antu hupiga zamponya na ngoma ili kufungua njia ya kuzungumza na mizimu. Wapigaji husimama duara, zamponya kubwa na ndogo zikibeba wimbo uleule kwa vimo tofauti. Hapo muziki ni sehemu ya tambiko, pamoja na mganga, sadaka na watu wa kijiji. Anayekuuzia rekodi yake kama dawa anakudanganya.

Hupigwa msimu wowote? (Msomaji, Kigoma)

Jukwaani mjini, ndiyo. Vijijini katika nyanda za juu za Bolivia, zamponya ni ya kiangazi. Kuanzia Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, hadi Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, ni msimu wa mvua, na zamu ni ya filimbi za pinkillu na tarka, na pinkillu huaminiwa kuita mvua. Kaskazini mwa Potosí pinkillu ni za mbao, na kabla ya kupigwa humiminiwa maji au chicha, pombe ya mahindi, ili mbao zivimbe na nyufa zizibe.