Nondo mweupe wa maua ya yuka ana jina gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Jirani yangu hapa St. Louis, Missouri, ana yuka, mmea wa majani marefu yenye ncha kali, mbele ya nyumba. Giza likiingia, maua yake hujaa nondo wadogo weupe, naye anataka kuwapulizia dawa. Binti yangu alipowatafuta vitabuni, cha zamani kiliwaita Pronuba, kipya Tegeticula. Ni wadudu wawili hao? Na dawa ipulizwe?
Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Nakuomba umzuie jirani. Bila nondo hao, yuka yake haitazaa mbegu.

Mdudu ni huyo huyo mmoja, tena ni wa mji wenu. Daktari George Engelmann wa St. Louis ndiye aliyegundua kwamba yuka inamtegemea nondo, na Charles Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, akampa jina Pronuba yuccasella mwaka 1872. Kumbe Pronuba lilikwisha kupewa mbawakawa fulani, na jenasi mbili za wanyama (yaani makundi ya spishi zinazokaribiana) haziruhusiwi kushiriki jina. Likashika jina Tegeticula, lililotolewa na mtaalamu wa wadudu Zeller mwaka 1873. Familia yake ni Prodoxidae.

Nendeni na binti mkammulike kwa tochi. Jike ana minyiri miwili iliyopinda mdomoni. Kwa minyiri hiyo hukwangua chavua, akaifinyanga donge na kulibana chini ya kichwa. Haili. Hulibeba hadi ua jingine, akatoboa ovari, sehemu ya ua inayogeuka tunda, na kutaga, kisha hupanda juu na kuishindilia chavua kwenye stigma, ncha ya ua inayopokea chavua. Viwavi wake watakula baadhi ya mbegu, nyingine zitabaki kwa mmea.

Mwaka 1999 mtafiti wa nondo hao, Olle Pellmyr, aliwachunguza upya waliokuwa wakiitwa yuccasella, zikapatikana spishi 13. Mbili kati yake, T. intermedia na T. corruptella, hutaga kwenye tunda changa ambalo wenzao wamekwisha kulichavusha, na majike yao hayana minyiri ile. Ndiyo maana naupenda uainishaji: weupe ni ule ule, lakini mmoja anafanya kazi na mwingine anakula jasho la mwenzake.

Mwambie pia jirani asichimbue udongo chini ya yuka baada ya matunda kukomaa. Viwavi hushuka na kujifukia humo, wakangoja msimu ujao wa maua.