Mwamba wa Mombasa upige kutoka chini

Picha nyingi za miamba yetu hupigwa kutoka juu. Mtu anasimama kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, mibuyu nyuma yake, anaelekeza simu baharini, na mwamba aliousimamia hauonekani hata kidogo. Kila anayeniuliza namwambia: shuka chini maji yakiwa yamekupwa, uupige mwamba kwa upande ule unaopigwa na mawimbi.

Mwamba wenyewe ni matumbawe. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na jiwe hili lilikuwa kiumbe hai kinachokua majini. Maji yaliposhuka likabaki nchi kavu, kisha mawimbi yakaanza kulila kitakoni. Ndiyo maana chini pamebonyea na juu pametokeza kama upenu wa nyumba. Ingia chini ya upenu huo, lala chali, tazama juu: utaona matumbawe ya kale yamejichora kwenye jiwe, mistari na vitundu na vipande vya makombe. Picha nzuri ziko hapo, na wapigaji wengi hawafiki.

Ukitumia simu, igeuze juu chini ili lenzi iwe karibu kabisa na mchanga. Jiwe dogo la mbele litakuwa kubwa, na ukuta wa nyuma utapanda mpaka mbinguni. Mweke mtu mbali kidogo, amesimama wima, bila hivyo mtazamaji hatajua mwamba una urefu gani. Ukipiga kutoka ndani ya pango kuelekea nje, gusa kioo pale penye anga ili mwanga upimwe hapo. Ukuta wa pango utakuwa kivuli cheusi, nao utakuwa fremu yako.

Suala la wakati ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu wanafuata jua peke yake. Mombasa, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Maana yake mwamba ukiwa wazi mpaka miguuni, jua limeshapanda. Vitabu vya upigaji picha husema saa hiyo uweke kamera mfukoni. Mimi sikubaliani navyo. Juu ya ukuta mwanga ni mkali kweli, lakini chini ya upenu jua linagonga mchanga mweupe uliolowa, linarudi juu na kulimulika jiwe kwa upole kutoka chini. Mwanga huo hauupati alfajiri. Ukitaka alfajiri na maji yaliyokupwa pamoja, nenda siku chache kabla ya bamvua, ila ujue maji hayatatoka mbali.

Chini ya ngome ya Fort Jesus pana pembe ninayoipenda kuliko zote. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, wakaisimamisha juu ya mwamba wa matumbawe na kuta zake wakazijenga kwa mawe ya matumbawe. Ukiinama chini ukapiga kuelekea juu, mwamba na ukuta vinashikana, na jicho linahangaika kutafuta wapi kazi ya bahari imeishia na ya fundi imeanzia. Nenda jua likiwa upande, ili kila kishimo kiwe na kivuli chake.

Vaa viatu vya soli ngumu. Matumbawe hukata kama wembe na mwani unateleza. Kwenye mlango wa bahari wa Likoni usielekeze kamera kwenye feri wala meli za kijeshi, askari hawatakuvumilia. Chukua kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya bahari cha kufutia chumvi kwenye lenzi. Na kabla hujaingia pangoni, muulize mvuvi aliye karibu. Mzee mmoja wa hapo huniambia kila mara, "Mwanangu, usiyape maji mgongo." Yakianza kujaa, hufika kwenye kitako cha mwamba kabla hayajafika ulipoacha mkoba wako, na njia ya kurudi ndiyo huzibwa kwanza.