Vidoa vyeusi angani: kwa anayetaka kununua Ricoh GR III

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia wiki hii. Amenunua kamera ndogo ya Ricoh GR III ya mkono wa pili, ameipeleka ufukweni, na sasa hana raha. "Kaka, kila picha yenye anga ina vidoa vitatu palepale juu kulia. Nimeifuta lenzi mpaka nimechoka. Nimepigwa?"

Ndugu yangu, acha kuifuta lenzi. Vidoa hivyo haviko kwenye lenzi hata kidogo. Ni vumbi lililokaa juu ya sensa, kile kibamba kinachopokea picha, ndani kabisa, ambako kitambaa chako hakifiki. Wamiliki wengi wa kamera hii hukutana nalo mapema au baadaye, na wauzaji wengi hawalisemi. Nimejibu maswali ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba leo naandika jibu lote mara moja, maana inaniuma kuona kamera nzuri hivi ikitupwa kabatini kwa kukosa maelezo ya nusu saa.

Kwanza, kwa nini vumbi linaingia. GR III ilitoka mwaka 2019. Ina sensa ya ukubwa wa APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, yenye pikseli milioni 24, yaani ukubwa uleule unaoukuta kwenye kamera kubwa nyingi za kubadilisha lenzi. Pamoja na hayo ina gramu 257 tu ukihesabu betri na kadi, na inaingia kwenye mfuko wa shati. Ili itoshe humo, lenzi yake hujikunja ndani unapoizima na kutoka nje unapoiwasha. Kila lenzi inapotoka, nafasi ya ndani inaongezeka na hewa inavutwa kupitia upenyo unaozunguka mrija wa lenzi. Kamera haina mipira ya kuzuia vumbi wala maji. Hewa ikiingia na nyuzi za mfukoni, unga wa chumvi au vumbi la barabara, vyote vinaingia nayo, na punje ndogo huishia kwenye sensa.

Kwa hiyo vumbi la GR linaanzia mfukoni. Suruali ya jinzi ambayo mfuko wake haujawahi kugeuzwa ndani nje ni adui mkubwa kuliko upepo wa ufukweni. Geuza mfuko, upige mswaki, au uitie kamera kwenye kipochi cha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, ukifue kila baada ya wiki mbili. Usiichanganye na funguo, sarafu au karanga. Na usiiwashe ikiwa bado mfukoni. Kitufe cha kuwashia kiko juu na hubonyezeka kwa bahati mbaya. Lenzi ikitaka kutoka ikakutana na kitambaa, mota ndogo inalazimisha, na meno ya gia yakiruka unapata kamera isiyofunguka tena. Hilo ni tatizo baya kuliko vidoa, kwa sababu vidoa unaweza kuvifuta kwenye kompyuta.

Sasa vile vitatu vya Tanga. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, yaani dogo kabisa (namba ya f ikikua, tundu linapungua), ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iwe 100, elekeza kamera kwenye anga tupu au karatasi nyeupe yenye mwanga sawasawa, vuruga fokasi makusudi, piga. Ikuze picha na uikague kona kwa kona. Kisha piga ileile kwa f/4. Utaona vidoa vya f/16 vimefifia au vimetoweka. Tundu likiwa dogo, miale huja imenyooka na punje huacha kivuli kikali juu ya sensa. Tundu likiwa kubwa, miale huja kutoka pande nyingi na kivuli kinayeyuka. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuonyesha picha nzuri za ndani ya duka, zilizopigwa kwa f/2.8, na kamera ikawa imejaa vumbi.

Kwenye menyu kuna kazi ya kutikisa vumbi. Sensa hutetemeshwa kwa kasi kubwa ili punje zidondoke. Iwashe mara tano au sita huku umeishika kamera lenzi ikitazama chini, kisha rudia jaribio la f/16. Punje kavu mara nyingi hutoka. Iliyoganda kwa chumvi au unyevu haitoki kwa njia hiyo. Kuna watu wanaoweka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi mbele ya lenzi huku wakiwasha na kuzima. Nakusihi usifanye hivyo. Hewa unayoinyonya kwa mbele lazima ipate pa kuingilia, na itaingilia kwenye vipenyo vya pembeni ikiwa na vumbi jipya. Lenzi ya kamera hii haibanduliwi, kwa hiyo kuisafisha sensa kwa mkono ni kuifungua kamera nzima. Mpe fundi aliyewahi kufungua GR, si fundi wa simu mwenye bisibisi na moyo mzuri. Wakati unamtafuta, fanya kazi kwa f/5.6 badala ya f/11. Hupotezi ukali, kwa sababu kwenye sensa hii ukifika f/11 picha yenyewe huanza kulainika.

Kama bado hujanunua, fanya jaribio hilo mbele ya muuzaji kabla hujatoa hata shilingi. Halafu iwashe na kuizima mara kumi huku sikio liko karibu. Sauti iwe ileile kila mara, bila mkwaruzo, na lenzi isisite katikati. Zungusha gurudumu la nyuma polepole, hatua moja moja. Kwenye kamera zilizotumika sana huruka hatua mbili au kurudi nyuma, na hilo litakukera kila siku. Angalia kama ile pete inayozunguka mdomo wa lenzi ipo, kwa kuwa hulegea na kudondoka njiani bila mwenyewe kujua. Bila pete kamera inapiga kama kawaida, lakini viunganishi vilivyo chini yake hubaki wazi, na hiyo ni hoja halali ya kupunguza bei. Mwisho, washa tochi ya simu, ipenyeze kwa upande kwenye kioo cha lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Rudisha kamera, aga, ondoka.

Kuvu ndiyo hatari ya Pwani. Kipochi cha ngozi ndani ya kabati lenye giza ni shamba lake. Kamera ilale kwenye kopo la plastiki linalofungwa barabara pamoja na pakiti za jeli ya kukausha unyevu, zile zinazobadilika rangi zinapojaa maji, ili ujue wakati wa kuzikausha upya. Mchele usiutie, unatoa unga. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, uiache humo dakika ishirini au thelathini ipate joto. Ukiitoa baridi hivyohivyo, mvuke unaganda kwenye vioo vya ndani, na hapo ndipo kuvu inapopata maji ya kunywa.

Betri nitaipitia haraka. Ni DB-110, na kiwanda chenyewe kinasema picha 200 hivi kwa chaji moja. Beba tatu. Inachajiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB-C, kwa hiyo pawabenki ya simu inatosha. Betri za Olympus za LI-90B na LI-92B zina umbo lilelile na zinaingia, jambo linalosaidia mahali ambapo za Ricoh hazipatikani. Kumbukumbu ya ndani ni GB 2 tu. Ihesabu kama akiba ya siku uliyosahau kadi nyumbani.

Sasa nije kwenye sababu ya kuinunua, maana wengi wanaoiuza baada ya miezi mitatu hawakuifahamu hata siku moja. Wanasema fokasi ni ya polepole jioni. Ni kweli, inahangaika. Wanasema haina kitundu cha kuchungulia, haina flashi ya ndani, video inaishia 1080. Ni kweli yote. Kama unataka kurekodi video za mtandaoni, nunua kamera nyingine leo na usome makala nyingine. Lakini kulalamikia fokasi ya GR bila kuijua Snap ni kulalamikia jahazi kwamba halina injini huku tanga limekunjwa.

Snap ni umbali unaouweka kabla. Unaiambia kamera: mita 1, 1.5, 2, 2.5, 3.5, 5, au mbali kabisa. Ukibonyeza, haitafuti kitu, inapiga papo hapo kwa umbali huo. Kinachoifanya iwezekane ni lenzi fupi ya milimita 18.3, inayotazama kama ya 28 kwenye filamu. Kwa f/8 na umbali wa mita 2.5, kila kitu kuanzia mita 1.2 hivi hadi upeo wa macho kinatoka kikali kiasi cha kuridhisha. Kwa f/5.6 umbali uleule, ukali unaanza mita 1.4 na kuishia kama mita 12. Kwa f/8 na mita 1.5, unapata kuanzia sentimita 90 hadi karibu mita 4.7. Ziandike namba hizi ndani ya jalada la daftari.

Kuna jambo jingine kwenye menyu, Full Press Snap. Liwashe. Ukibonyeza nusu, kamera inatumia fokasi ya kawaida. Ukibonyeza moja kwa moja mpaka chini bila kusita, inatumia umbali wa Snap. Una kamera mbili kwenye kidole kimoja.

Shida inayobaki ni jicho lako, kwa sababu kamera haitakupimia umbali. Chukua kanga. Urefu wake ni kama mita moja na nusu. Itandaze sakafuni, simama mwisho mmoja, weka kiti mwisho wa pili, tazama. Kisha tandaza doti nzima, kipande baada ya kipande, hiyo ni mita 3. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja mpaka uweze kutaja umbali wa mlango, baiskeli, mtu anayekuja, halafu upime uone umekosea kwa kiasi gani. Ukiwa mita 1.5 fremu ya ulalo inachukua upana wa mita 1.9 hivi. Ukiwa mita 2.5 inachukua upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2.1, yaani mtu mzima aliyesimama anaenea kichwa na viatu. Anayejua hivi hatazami kioo cha nyuma kwa muda mrefu, anatazama watu. Na kwa sababu unawatazama, salimia, omba ruhusa pale inapostahili. Wepesi wa kamera hii si kibali cha kumwibia mtu sura yake.

Mwanga wa kwetu unahitaji mipango miwili, ihifadhi kwenye U1 na U2 za gurudumu la juu. Kwa jua la saa saba mchana: f/8, ISO 400, kasi ya shata itakuja kama 1/1600 ya sekunde, na hakuna anayetembea atakayefifia. Kwa kivuli cha vichochoro vya Mji Mkongwe au Mombasa ya zamani, mwanga hushuka ngazi nne au tano, na kila ngazi hupunguza mwanga kwa nusu. Acha ISO ipande yenyewe hadi 3200 au 6400, kasi ya chini kabisa iwe 1/250. Chembechembe za ISO 3200 zinavumilika. Mtu aliyefifia havumiliki.

Ukitaka f/2.8 juani, kumbuka kwamba shata imo ndani ya lenzi na kwa f/2.8 haizidi 1/2500. Jua kamili kwa ISO 100 linadai kama 1/3200, na kwenye mchanga mweupe linadai zaidi. Washa kichujio cha ND, yaani cha kupunguza mwanga, kilichomo ndani ya kamera. Kinakata ngazi mbili, na kasi inarudi 1/800.

Kanzu nyeupe na uso mweusi kwenye fremu moja ndio mtihani wenyewe. Kamera ikiona weupe mwingi inatia giza kila kitu, na sura ya mzee inapotea. Ukiongeza EV, yaani kuing'arisha picha, bila kipimo, kanzu inaungua na mshono wote wa kifuani unafutika. Piga DNG, lile faili ghafi lisilobanwa na kamera, chagua upimaji unaolinda sehemu angavu, kisha inua vivuli kwenye kompyuta. Kwa ISO 100 hadi 400 faili hili linainuka ngazi mbili bila kulalamika. Usiuamini mwangaza wa kioo ukiwa juani, washa histogramu, ile grafu ya mwangaza, uiangalie ukingo wake wa kulia.

Wanaoona 28 ni pana mno wana GR IIIx ya mwaka 2021, mwili uleule na lenzi inayotazama kama ya 40. Lakini hesabu zangu za Snap hapo juu hazifai kwake. Lenzi yake ni ya milimita 26.1, na kwa f/8 na mita 2.5 ukali unaanzia kama mita 1.6 na kuishia mita 5.7. Itandaze kanga upya.