Mtwara: programu au bajaji ya stendi?

Ndugu, umeuliza kama upakue programu ya kuita gari kabla ya kuja Mtwara. Mimi nisingejisumbua. Uzuri wake bei unaiona mapema, hilo sikatai, lakini dereva anakatwa kamisheni: LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu Tanzania, ilipoishusha hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisitisha sehemu ya huduma zake nchini, ikarejea 2023. Huku, hujashusha begi kwenye basi ushaulizwa na dereva wa bajaji mtaa unaokwenda, "Shangani au Ligula, bosi?" Patana bei kabla hujapanda. Ukienda Mikindani, mji mkongwe wa jirani, sema kabisa ni kwenda tu au kwenda na kurudi, ugomvi mwingi huanzia hapo. Dereva akikupendeza chukua namba yake, hasa kama una safari ya alfajiri.