Presha 170 kwa 65: namba ya chini isiwafariji, angalieni figo

Mkuu, umeuliza imekuwaje daktari aseme mishipa ya baba yako imekakamaa na figo zimeanza kuchoka, wakati kwenye 170 kwa 65 ya chini mnaiona nzuri tu. Namuuguza mama mzazi kwa tatizo hilihili, yeye yuko Kibaigwa na kliniki anahudhuria hapa Dodoma mjini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa.

Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, ukiwa mzima, hutanuka moyo unaposukuma, kisha hunywea na kuendelea kuisogeza damu. Umri, presha ya miaka mingi, kisukari na sigara huukausha ukawa kama mpira wa kumwagilia ulioachwa juani. Hautanuki, ya juu inapanda. Haunywei, ya chini inashuka. Kwa hiyo angalia pengo kati ya ya juu na ya chini: kwa mtu mzima mwenye afya huwa 40 hivi, la mzee ni 105.

Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, na mishipa yake hupitisha damu kirahisi mno. Kishindo ambacho mshipa mkubwa ungekimeza kinaenda kutua kwenye vichujio vidogo ndani ya figo. Vinapata makovu, protini inavuja. Kwa mama dalili ilikuwa povu kwenye mkojo, halikatiki, na maumivu hana kabisa. Halafu figo zikidhoofika zinashindwa kutoa chumvi na maji, presha inapanda zaidi, na fosfati, madini yatokayo kwenye chakula, inayobaki kwenye damu inaungana na kalsiamu na kuganda kwenye kuta za mishipa. Inazidi kukakamaa. Ndiyo maana kubishana kipi kilianza hakusaidii mgonjwa.

Mama yuko kwenye dawa za presha, losartani na amlodipini. Alipoanza losartani, kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kuona figo zinachujaje, ilipanda kidogo, dada akataka aache palepale. Daktari akatuliza: dawa hiyo inapunguza msukumo ndani ya vichujio, kwa hiyo kupanda kidogo mwanzoni kunategemewa; ikivuka asilimia 30 ndipo wanatafuta sababu. Damu irudiwe ndani ya wiki 2 hadi 4, na potasiamu ipimwe pamoja. Diklofenaki, zile dawa za maumivu ya magoti za duka la dawa, mwambieni mzee aziweke kando, zinaumiza figo na kupandisha presha.

Chakula sasa. Kila mtu anahubiri chumvi, na ni kweli, Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Lakini sisi wa huku tunasahau magadi! Magadi nayo ni sodiamu, na mlenda wa mama ulikuwa unayapata ya kutosha, maharage vilevile. Tumeyatoa. Bado analalamika kwamba tunamlisha mlenda wa wagonjwa, ila anakula. Msikimbilie chumvi mbadala, nyingi zina potasiamu, na figo dhaifu haziwezi kuitoa vizuri.

Jambo jingine, mzee akiinuka anaona kizunguzungu? Ombeni apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama kabla dawa hazijaongezwa, maana ya chini tayari iko chini na wazee huanguka. Na mkojo wake umepimwa protini, au ni damu tu? Weka majibu hapa tuone.